Likizo ya Juni Tuliyoimalizia Tabata

Wengi wa wafanyakazi wenzangu hupanda mabasi kwenda mikoani shule zinapofungwa mwezi Juni, lakini mwaka huu mimi na mke wangu tuliamua kubaki nyumbani, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimetuachia kazi nyingi ambazo mafundi wangetutoza fedha tusizokuwa nazo.

Tulianza na mifereji ya paa, iliyojaa majani ya mwembe na tope jeusi, kisha tukalimwaga tangi la maji na kulisugua ndani kwa brashi, kazi iliyomwangukia kijana wetu kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kupenya mdomoni mwake. Magodoro yalianikwa. Rangi ya ukuta wa uani tuliiahirisha.

Mama yangu alivuka kwa kivuko kutoka Kigamboni na, kabla ya kupanda daladala, akapitia soko la Feri kununua changu. Aliwakalisha wajukuu juu ya mbuzi kwa zamu ili wajifunze kukuna nazi, akiwakataza kulifikia ganda la kahawia, maana hulitia tui weusi, na tui la kwanza akaliweka kando hadi mchuzi ulipokaribia kuiva.

“Koroga, mjukuu wangu, usiliache tui likakatika,” alimwambia binti yangu, ambaye kwa kawaida hupika tambi tu.

Jioni, upepo wa kusi ukiwa umepoza ua, tulicheza karata, na mama alitushinda karibu kila mara.