Kanda ya baba, muziki wangu

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka 17 na sikuwa na kanda tupu hata moja. Baba alikuwa nazo kabati zima, zimepangwa kwa mwaka, kila moja imeandikwa ubavuni kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Zile alizozithamini alikuwa amezivunja vijino viwili vya mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Aliyekulia zama za kanda anaijua dawa yake: unakunja karatasi, unaisokomeza kwenye tundu, na redio inakubali. Nikachomoa kanda moja ya dakika 60, nikasokomeza karatasi pande zote mbili, nikarekodi N.W.A, kundi la rap la Marekani, kutoka kwenye kanda ya kaka wa rafiki yangu. Nayo ilikuwa nakala ya nakala, inavuma kama upepo nyuma ya kila ubeti. Kilichokuwemo kabla ya hapo ni baba akizungumza kwenye harusi ya shangazi.

Mwaka huu natimiza 53. Kanda ninayo bado.

Tuliuita muziki wa kufoka, na jina hilo nalipenda mpaka leo kwa sababu linasema ukweli. Maziwa yanafoka, mtu mwenye hasira anafoka. Mama alikuwa akija mpaka mlangoni kwangu, anasimama mkono kiunoni, anauliza: "Hao humo ndani wanagombania nini?" Sikuwa na jibu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Nilikuwa nalala kifudifudi sakafuni, kamusi pembeni, nasikiliza mstari mmoja, narudisha, nasikiliza tena, naandika nilichodhani nimekisikia, kisha nakitafuta. Nusu ya maneno hayakuwemo kwenye kamusi ile. Kwa hiyo niliipata hasira kabla ya kuipata maana. Nilijua kuna mtu amechoka kusimamishwa, kupekuliwa na kudharauliwa, na anasema sasa basi. Kwa msichana wa miaka 17 ambaye kila mkubwa alikuwa akimpangia namna ya kukaa, hiyo ilitosha kabisa. Mji wao, Compton, sikuweza hata kuuonyesha kwenye ramani.

Na wakubwa walitusaidia sana kuupenda. Agosti 1989 ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliiandikia barua kampuni iliyokuwa ikitoa muziki wa N.W.A, akilalamikia wimbo wao dhidi ya polisi. Mwaka uliofuata, jaji mmoja wa Florida akaamua kwamba albamu ya 2 Live Crew, kundi jingine la kufoka, ni uchafu mbele ya sheria, uamuzi ambao mahakama ya rufaa iliutengua 1992. Kabla ya hapo, 1985, kikundi cha wake wa wanasiasa wa Washington kilikuwa kimelifikisha suala la maneno machafu ya nyimbo hadi Seneti, na kutokana na vuguvugu hilo ikazaliwa ile lebo nyeusi na nyeupe ya kuwaonya wazazi. Mimi lebo ile niliiona mara ya kwanza kwenye kanda halisi ya mtu mwingine, na nikaitamani lebo kuliko kanda yenyewe. Nikaichora kwa wino mweusi kwenye karatasi ya jalada la kanda yangu. Mpaka leo ipo, wino umegeuka rangi ya chai.

Ninachotaka kusema ni hiki: mlango wa chumba changu na mama aliyesimama pale vilikuwa sehemu ya wimbo. Muziki wa namna ile unahitaji watu wawili, anayeucheza na anayeudhika. Ukiondoa mmoja unabaki na ngoma tu. Sasa mimi ndiye mwenye nyumba. Hakuna wa kusimama mlangoni. Nikiucheza kwa sauti ya juu Jumamosi asubuhi nikipiga pasi, hakuna anayekasirika, na kwa miaka mingi nilifikiri hapo ndipo nilipoupotezea ladha.

Wenyewe walioufoka wamezeeka pia, wale waliopata bahati hiyo. Ice-T, ambaye mwaka 1992 wimbo wake kuhusu kuua polisi ulizua ghadhabu hadi ukaondolewa kwenye albamu, tangu mwaka 2000 anaigiza mpelelezi wa polisi kwenye tamthilia ya televisheni. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza albamu ya N.W.A yenye ule wimbo dhidi ya polisi kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Wengine wa rika langu hukasirika wakisikia hayo, wanasema wamejiuza. Mimi sioni hivyo. Mtu hawezi kufoka miaka 35 mfululizo, moyo utapasuka. Na serikali iliyowahi kuandika barua ya kulalamika leo inautunza wimbo uleule. Hiyo si fedheha ya wimbo.

Februari 2022 niliangalia onyesho la mapumziko la Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, peke yangu usiku. Dr. Dre wa N.W.A alikuwa na siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 57. Watu wakashangilia, Snoop Dogg akacheza, kila kitu kikaenda kama saa. Na mimi muda wote namtafuta Eazy-E, mwenzake wa N.W.A. Nilikuwa najua vizuri kwamba hayupo. Machi 1995 alitangaza kwamba ana ukimwi, na siku kumi baadaye akafariki. Siku hiyo nilikuwa kazini, kazi yangu ya kwanza, na nilienda chooni kulia kwa sababu sikuweza kumweleza mtu yeyote pale kwa nini nalia kwa ajili ya kijana mwenye sauti nyembamba anayetukana. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba watu wale wanakufa. Hasira yao ilikuwa imenidanganya. Mtu anayefoka namna ile unaona kama hawezi kuguswa.

Miaka miwili iliyopita niliona kwamba siyapati maneno ya nyimbo mpya. Vijana wanafoka, nasikia mdundo, nasikia sauti inapanda na kushuka, maneno yanapita kama mtu anaongea na tambi mdomoni. Nikawa nasema wanayosema watu wa umri wangu: vijana hawatamki, muziki umeharibika. Kisha nikapimwa masikio kwa sababu nyingine kabisa. Unaingia kwenye chumba kidogo kilichozibwa sauti, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Wanakupa mchoro. Upande wa kushoto, kwenye sauti nzito, mstari wangu ulikuwa umenyooka vizuri. Ulipofika kwenye sauti za juu, hezi 4,000, ukaanza kuporomoka kama njia ya mlimani.

Mpimaji akanieleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo masikio yanavyozeeka: sauti za juu zinatangulia kuondoka. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyozipokea vikifa havioti tena, na kelele za ujanani huviua mapema zaidi. Huko juu, akasema, ndiko ziliko s, f, t, k. Irabu zinakaa chini, hizo bado ninazo.

Nilikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Maana kufoka kote kumejengwa juu ya t na k. Mwimbaji wa mapenzi anaivuta irabu, anaibembeleza. Anayefoka anagonga konsonanti kama nyundo, na huko ndiko maneno yanakoishi. Basi si kwamba vijana hawatamki. Masikio yangu hayazipokei tena sauti zilezile ambazo muziki huu unazitumia zaidi. Nikaweka wimbo wa mwaka 1989, nikasikia kila neno, kila pumzi, na nikaelewa kuwa siusikii, ninaukumbuka. Wachunguzi wa kumbukumbu wanasema mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini hivi ya umri ndiyo yanayobaki yakiwa wazi zaidi mtu akizeeka. Mimi nimeliona hilo kwa uchungu mdogo: akili inanijazia konsonanti zilizokufa. Wimbo wa zamani unanijia mzima, mpya unanijia umeng'olewa meno.

Tangu siku ile, wimbo mpya nausoma kwanza. Natafuta maneno yake, nayasoma polepole kwenye simu kama nilivyokuwa nikifanya na kamusi sakafuni, ndipo nasikiliza. Baadhi ni mazuri sana. Nimewaomba radhi wanangu kwa maneno niliyowahi kusema.

Ni binti yangu aliyeniuliza swali gumu zaidi. Ana miaka 19. Tulikuwa tunasafisha stoo, nimeweka muziki wangu, nafuatisha kila mstari bila kukosea, nikijivuna kidogo. Akasimama na ufagio, akasikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Mama, huyo anayeitwa hivyo, si wewe?"

Nikamwambia ukweli: "Nilidhani ni mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoishi na nyimbo zile ujanani. Hasira dhidi ya polisi niliichukua kama yangu, ingawa hakuna polisi aliyewahi kunigusa. Tusi kwa mwanamke nililipisha pembeni kama la mtu mwingine, ingawa mwanamke ni mimi. Mwaka 1991 Dr. Dre alimpiga Dee Barnes, mtangazaji aliyekuwa akikipigania kipaji cha watu wa muziki huuhuu. Nilipolisikia jambo lile, miaka kadhaa baadaye, nililipita harakaharaka kama unavyopita mahali unapojua kuna mbwa. Ilifika 2015 ndipo Dre akawaomba radhi hadharani wanawake aliowaumiza. Nafurahi aliomba. Lakini mimi nilikuwa na miaka 43 tayari, na miaka yote hiyo ningeweza kusema neno ndani ya nafsi yangu tu, na sikulisema.

Binti yangu hakunisuta. Akaniuliza kama wakati ule hakukuwa na mwanamke wa kuwajibu. Alikuwepo! Queen Latifah aliwajibu mwaka 1993 na wimbo wake U.N.I.T.Y., akimkaripia mwanaume wa mtaani na mwanaume wa nyumbani kwa pamoja, akapata tuzo ya muziki ya Grammy 1995. Nilikuwa nao kwenye kanda nyingine. Nilikuwa naucheza kwa mwili tu. Tuliuweka palepale stoo, nikausikiliza nimesimama, na konsonanti zake zote ninazo. Binti yangu aliutaka uanze tena.

Sikuzitupa nyimbo za N.W.A baada ya hapo. Nilijaribu wiki tatu. Nilichogundua ni kwamba siwezi kuikata hasira ile iliyonisimamisha na kubaki nayo bila tusi. Zimo kwenye utepe mmoja, sauti juu ya sauti. Ninapozicheza sasa nasikia yote mawili, na mahali ambapo zamani nilipiga kelele pamoja nao siku hizi nanyamaza. Wakati mwingine nazima.

Ila kanda yenyewe siizimi. Upande wa pili, wimbo wa mwisho niliorekodi uliisha kabla ya utepe kuisha. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, unasikika mlio mdogo wa kuvunjika, halafu inatokea sauti ambayo sikuifikia kuifuta. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Baba alifariki 2006. Hakuwahi kuniuliza kanda ilikwenda wapi, na nafasi yake kabatini aliiacha wazi, hakusogeza zile nyingine kuiziba. Hotuba yote ya harusi, ushauri wote aliompa dada yake, nimeufunika mimi kwa sauti za vijana wa Compton.

Kwa hiyo mara moja moja naweka upande wa pili na kusubiri. Dakika karibu thelathini za kufoka, naufuata kila mstari. Kisha ule mlio. Kisha watu wanacheka kwa mbali, kiti kinaburutwa, na baba, mwenye umri mdogo kuliko nilio nao leo, anasogea karibu na kipaza sauti:

"Viti vya mbele, tafadhali, tuwaachie wazee."