Kabla hujavuka kwenda Mbudya

Boti za kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, hutokea Kunduchi. Angalia maji kwanza: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hupwa mbali, boti inaishia nje, nawe unatembea katikati ya matumbawe. Hapo ndipo miguu inapochanika. Vaa viatu vya mpira vinavyobana kisigino. Kandambili huchomoka mguuni zikaelea. Msimu wa kusi, yaani pepo za kusini, rudi mapema, upepo wa mchana huinua mawimbi.

Kisiwa hiki ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo lipa kiingilio, dai risiti. Tumbawe hata likifanana na jiwe ni kiumbe hai, usilikanyage. Na makombe ya konokono wa baharini, tafadhali sana, yaache palepale: kaa wadogo huyahamia, ndiyo nyumba zao. Ukiligeuza kombe utaona vijiguu vikijikunyata ndani.