Eti nimesafiri kote huku kuja kuwa yaya

Jumapili kanipigia ami yangu kutoka Wete, Pemba, salamu, mvua, karafuu vipi mwaka huu, tukafika kwenye kazi. Miaka yote anajua tu niko Norwei, safi, basi. Nikamwambia ami mie nipo skuli ya watoto wadogo, wa mwaka mmoja mpaka mitano. Kimya. Halafu: "Yaani umevuka bahari zote hizo kwenda kuwa yaya?" Na nyuma nasikia watu barazani wanacheka, kumbe kaniweka kwenye spika.

Nimekasirika, nisiwe muongo. Maana kazi hii huku haina aibu, ila na wao wanaume hawawatoshi. Serikali ilijiwekea lengo la asilimia 20 ya wanaume tangu miaka ya 90, wapo kama mmoja katika kila kumi, na hapo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani! Mwaka 1998 ilitolewa mpaka kanuni, mwanamme na mwanamke wakiwa na sifa sawa, iruhusiwe kuchukuliwa mwanamme. Kwetu tuko watu wazima 19, wanaume wanne: mie, kijana mmoja wa hapa hapa, Msyria, na mzee aliyekuwa mvuvi huko nyuma, huyo watoto wanamng'ang'ania kama kupe.

Nikampigia dada yangu anayesomesha nasari kulekule nyumbani, nikamuuliza munao wanaume wangapi? Akasema yupo mlinzi.

Sababu moja munaijua, mshahara wa nasari mtu hata hausemi kwa sauti, msimu wa karafuu ukiingia mchumaji anamzidi mwalimu. Lakini nyengine ni kuwa mwanamme akikaa na watoto wadogo watu wanamtazama vibaya. Na huku pia yapo. Mwezi wa kwanza tu mama mmoja alisema hataki mie nimbadilishe pampasi mtoto wake wa kike. Nilishaanza kuona nifungashe virago, bosi wangu, bibi mmoja mkali hata salamu yake ya kubahatisha, akamjibu mbele yangu: huyu kaleta cheti cha polisi kama sisi sote, kazi ni moja kwa wote, ukimtoa yeye na mie nitoe. Sikutegemea kabisa. Sasa yule mtoto akilia ananitafuta mie.

Ila kinachoniuma ni ami mwenyewe. Huyu ni maalim, kasomesha chuo cha Kurani zaidi ya miaka thelathini! Tulikaa mbele yake jamvini tuna miaka minne, alif kijiti, wengine wanajikojolea hapohapo, na aliyekuwa akitufuta makamasi kwa ncha ya msuli ni nani kama si yeye? Tofauti ni bakora tu, huku kupiga mtoto kumepigwa marufuku tangu 1987, hata kofi la mzazi wake. Kisha mtu anasema wanaume hawawezi watoto wadogo. Pemba nzima imelelewa na wanaume hao, tunawaita maalim tu, hatuwaiti yaya.

Nikamwambia hivyo hivyo, kwenye spika, baraza lote lisikie. Akakohoa, akasema "lile jambo jengine, ile dini." Sawa ami.

Na nyie munaonitumia meseji nikutafutieni kazi, hii milango iko wazi kwa mwanamme lakini lugha kwanza, mtoto wa miaka mitatu hajui Kiingereza chako, na mgongo uwe mzima maana unainama kutwa, na kile kiza cha huku cha Disemba hakuna aliyekwambieni. Msije mkasema sikusema.

Usiku ami kanitumia sauti, sekunde kama kumi hivi, anauliza wale watoto wanalala mchana au vipi. Nikamjibu wadogo wanalala nje kwenye vigari, baridi ile ile, wamefunikwa mpaka puani. Bado hajajibu. Kesho zamu yangu ya kufungua na mvua imetangazwa, suruali za mpira 22 za kuvisha.