Jaja alizaa wavulana watupu

Juzi kule Bugembe tulipomaliza kumzika jaja, bibi yangu mzaa baba, mzee wa ukoo akasimama akataja majina, baba, baba wa baba, baba wa huyo tena mpaka nikapoteza hesabu, na jaja mwenyewe hayumo manake huku kwetu Busoga, Uganda, ukoo unafuata baba. Iliniuma sana.

Usiku nikakumbuka ile modeli ya John Kingman, mwanahisabati Muingereza, ya 1982, ya kutafuta mzazi wa pamoja wa watu. Yeye haanzi na babu wa kwanza akashuka, anaanza na sisi tulio hai anarudi nyuma, kila mmoja anapata mzazi kwa bahati nasibu, mistari miwili ikiangukia mzazi mmoja inakuwa mmoja. Nikachukua maharagwe 10 yaliyobaki kwenye sinia, ndio watu, na vikaratasi vya namba 1 mpaka 10, ndio wazazi, nikakaa jikoni na tochi ya simu, kila haragwe naliokotea karatasi, naandika, narudisha. Kizazi cha kwanza tu ikabaki mistari 6, cha nne 3, cha tano 2. Sasa hiyo miwili! Vizazi 13 naokota tu haikutani. Na hesabu inakubali, wawili kati ya wazazi 10 wanangojana kwa wastani vizazi 10, yaani nusu ya safari nzima au zaidi inaishia kusubiri wawili wa mwisho.

1987 Cann, Stoneking na Wilson walifuata DNA ya mitokondria, vijisehemu vya nishati ndani ya seli, ile mtoto anapewa na mama tu, wakafika kwa mama mmoja, Afrika, kama miaka 200,000 nyuma. Hakuwa peke yake, wanawake wengine walikuwepo ila mistari yao ilikatika mahali, wengine walizaa wavulana watupu. Kama jaja, wavulana 5, ya kwake inaishia kwao.

Hapo nililia kidogo. Lakini huo ni mti mmoja tu jamani, hata orodha ya mzee ni mti mmoja, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA, zinakatwa na kuungwa upya kila kizazi kwahiyo kila kipande kina mti wake, na kwa wastani robo ya DNA yangu imetoka kwake ikapitia kwa baba.

Jumamosi naenda Iganga kwa dada mdogo wa jaja, mama mmoja baba mmoja, yule ana mabinti wanne. Nabeba daftari, nataka jina la mama aliyewazaa yeye na jaja, na la mama wa huyo mama kama bado analikumbuka.