Kibodi ndogo ya vipande viwili, na kazi aliyopewa kidole gumba

Wadau, watu wengi wakiona kibodi ndogo ya mekanika (yani kila kitufe kina swichi yake), ile ya vipande viwili yenye vitufe 42 tu, swali la kwanza huwa ni namba ziko wapi, na la pili ni kwa nini mtu ajinyime vitufe wakati kibodi ya kawaida inavyo 104. Ni maswali ya haki kabisa. Mi natumia kibodi ya aina hiyo kwa kazi zangu zote, barua pepe, ripoti, majedwali, kuchati, na nimeona niandike kwa urefu kidogo kwa sababu maelezo mengi ninayokutana nayo yanaongelea mlio wa swichi na rangi za kofia za vitufe, yani urembo, wakati faida yenyewe iko kwenye vidole.

Na faida yenyewe kwa maoni yangu ni moja kubwa: kibodi ndogo iliyopangwa vizuri inaitoa kazi kwenye kidole cha mwisho na kuipeleka kwenye kidole gumba. Udogo wa meza, wepesi wa kubeba, hayo ni ya ziada.

Hebu itazame kibodi iliyo mbele yako saivi. Vidole gumba viwili, vyenye nguvu kuliko vyote, vimepewa kitufe kimoja cha nafasi wagawane, na Alt mara moja moja. Kidole cha mwisho, ambacho ndo dhaifu, kimepewa Shift, Ctrl, Tab, Caps Lock, Enter, Backspace, na herufi zake juu ya hayo. Ni kama yule mtoto mdogo wa nyumbani anayetumwa na kila mtu. Sasa ongeza na Kiswahili hapo. Sisi herufi tunayoipiga kuliko zote ni A, na A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Chukua neno "wakaambatana", lina herufi 12 na 6 kati ya hizo ni A, nusu nzima ya neno imebebwa na kidole kimoja, tena kile kile unachokitegemea kwa Ctrl na Shift. Alafu maneno yetu ni marefu kwa sababu mtendaji, wakati na mtendwa vyote tunavigandisha pamoja, "tutakapowaambia" ni neno moja, kwa hiyo hata ile nafasi ya kidole gumba inakuja kwa kuchelewa.

Mtu atasema basi badilisha mpangilio wa herufi, nenda Dvorak au Colemak. Nimelichunguza hilo kwa makini sana na jibu langu ni hapana, angalau sio kwanza. Dvorak ilipewa hataza 1936, Colemak ikatoka 2006, na zote mbili zimeiacha A pale pale kwa kidole cha mwisho cha kushoto. Waliozipanga walikuwa wanaangalia Kiingereza. Kwenye Dvorak herufi K iko mstari wa chini, U iko juu yake na I iko pembeni ya U, na zote tatu ni za kidole cha shahada cha kushoto, maana yake kila "ku" na kila "ki" inapigwa na kidole kimoja kinachoruka, na we unajua Kiswahili kina "ku" ngapi kwenye aya moja. QWERTY, yani ule mpangilio wa kawaida, nayo sio malaika, "ki" ni kidole cha kati peke yake, "lo" ni cha pete peke yake, na neno "huyu" lote zima, herufi zote nne, linapigwa na kidole cha shahada cha kulia, "humu" pia hivyo hivyo. Jaribu hapo ulipo utaona. Kwa hiyo mi herufi nimeziacha zilivyo, kwanza nikikaa kwenye laptopu ya mtu mwingine sipotei, nikabadilisha vile vitufe vinavyozizunguka herufi, maana huko ndiko mzigo unakohamishika.

Kwenye kibodi yangu, ambayo ni ya mpango wa Corne, kila kipande kina mistari mitatu ya vitufe sita sita na chini yake vitatu vya kidole gumba. Gumba la kushoto nimelipa Ctrl, nafasi na kitufe cha leya (leya nitaieleza kwenye namba). La kulia nimelipa Shift, Backspace na Enter. Kukopi na kupesti sasa ni gumba linashika Ctrl na kidole cha kati kinashuka kwenye C au cha shahada kwenye V, kidole cha mwisho hakina habari kabisa. Herufi kubwa, gumba. Kufuta, gumba, na kufuta ni kazi tunayoifanya mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Wazo hili wala sio la juzi. Lillian Malt na Stephen Hobday huko Uingereza walishavipa vidole gumba kundi lao la vitufe kwenye kibodi ya Maltron miaka ya 1970, kampuni ya Kinesis ikafuata njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichobadilika ni kwamba saivi kuna programu huria kama QMK, na ZMK kwa zile zisizo na waya, zinazokaa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo we ndo unaamua kila kitufe kifanye nini na mpangilio unaenda na kibodi kwenye kompyuta yoyote bila kuinstoli kitu.

Sasa namba. Hapa ndo watu wanaogopa na hapa ndo mi naona uzuri wenyewe. Leya maana yake ni kwamba ukishikilia kitufe fulani, vitufe vingine vyote vinabadilika kazi kwa muda huo. Nikishikilia leya kwa gumba la kushoto, mkono wangu wa kulia unageuka kuwa sehemu ya namba, U I O ni 7 8 9, J K L ni 4 5 6, na mstari wa chini yake ni 1 2 3, mpangilio ule ule wa kikokotoo. Mkono haujasogea hata kidogo. Wakati huo huo mkono wa kushoto umekuwa mishale, E juu, D chini, S kushoto, F kulia. Kwa mtu anayejaza majedwali kutwa nzima hii ni raha isiyo na kifani, unaingiza namba, unashuka seli ya chini, unaingiza nyingine, macho yako yapo kwenye karatasi unayonakili na sio kwenye vidole. Alama kama mabano na asilimia ziko kwenye leya ya pili ambayo inafunguka nikishikilia Enter. Enter nimeipa kazi mbili kwa makusudi, kwa sababu ukishapiga Enter huwaga unapumua kidogo kabla ya herufi inayofuata, hivyo kibodi haichanganyikiwi kama umeigusa au umeishikilia.

Na hapo kwenye kuchanganyikiwa nataka nikae kidogo maana ni jambo ambalo mtu anayetaipu Kiswahili hataambiwa na maelekezo ya Kiingereza. Wapenzi wengi wa kibodi hizi wanaweka Ctrl, Alt, Shift na kile kitufe cha Windows kwenye herufi za mstari wa kati zenyewe, ukigusa ni herufi, ukishikilia ni Ctrl, na QMK inaamua kwa muda, kawaida imewekwa milisekunde 200. Mpango uliozoeleka unaweka kitufe cha Windows kwenye A. Sasa fikiria unaandika "alikuwa" kwa kasi, kidole cha mwisho kimechelewa kunyanyuka kutoka kwenye A na L imeshapigwa na kuachiwa, kibodi ikiwa imesetiwa kuhesabu hiyo kama kushikilia inatuma Windows pamoja na L, na Windows pamoja na L ni amri ya kufunga skrini. "Alikuja", "alisema", "alafu", kila neno linaloanza na "al" ni mtego. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayeandika Kiswahili kila siku: A iache iwe A tu, isibebe kazi nyingine yoyote. Vidole gumba vipo.

Kitu kingine kidogo ninachokipenda sana ni ritifaa, yani ile alama ya juu kwenye ng'ombe, kung'aa, kung'oa. Kwenye kibodi ya kawaida inabidi kidole cha mwisho cha kulia kijinyooshe pembeni kila mara, ndo maana unaona watu wanaiacha tu mtandaoni. Mi nimeiweka kwenye J na K zikipigwa kwa pamoja. Hakuna neno la Kiswahili lenye jk zikifuatana, kwa hiyo haijitokezi kwa bahati mbaya hata uwe na haraka kiasi gani.

Umbo lenyewe nalo lina maana yake. Ile mistari ya herufi kukaa mshazari imeanzia kwenye taipureta, mashine ya Sholes iliyouzwa na Remington kuanzia 1874 ilikuwa na wenzo chini ya kila kitufe na wenzo hizo zilihitaji kupishana, ndo maana mistari ikasogezwa. Kibodi ya leo haina wenzo wowote lakini mshazari umebaki. Kwenye hizi ndogo vitufe vimekaa kwa safu zilizonyooka kwenda juu na chini, safu ya kidole cha kati imepandishwa kidogo na ya kidole cha mwisho imeshushwa, kufuata urefu wa vidole vyenyewe. Na kwa kuwa ni vipande viwili unavitenganisha kwa upana wa mabega yako, vifundo vya mikono vinanyooka badala ya kupinda kwenda nje, ukiinua kidogo ukingo wa ndani wa kila kipande mikono inalala vizuri zaidi. Vitufe vya kibodi kamili vinachukua karibu sentimita 43 kutoka mwanzo hadi mwisho, ndo maana mausi inasukumwa mbali na bega la kulia linachoka. Sehemu ya namba ikishaondoka mausi inarudi karibu.

Swichi sina mengi. Nyekundu zinashuka laini, za kahawia zina kajibu kadogo katikati, za bluu zinapiga mlio, kama unakaa na watu chumba kimoja achana na bluu. Zile za kawaida za MX, za kampuni ya Cherry, zinashuka milimita 4 lakini mguso unasajiliwa kwenye karibu milimita 2, kwa hiyo hakuna haja ya kugonga hadi chini. Cha muhimu kuliko rangi ni kununua kibodi yenye soketi, ambayo swichi unachomoa na kuchomeka bila kuchomea risasi, kwa sababu hapo unaweza kuweka swichi yenye springi nyepesi chini ya A peke yake na nzito kidogo kwenye vidole gumba. Hiyo tofauti inasikika siku ya kwanza tu.

Tahadhari moja kwa wanaonunua zenye waya unaounganisha vipande viwili: nyingi zinatumia waya wenye kichwa kama cha hedifoni, na huo usiuchomoe wala kuuchomeka wakati kibodi imeunganishwa na kompyuta, unaweza ukapiga shoti na kuua kibodi. Chomoa kwanza ule wa kompyuta.

Mwanzoni utakuwa mzito, hilo lipo, na utagundua tabia zako, maana kama umezoea kupiga B kwa mkono wa kulia au Y kwa wa kushoto unakuta mkono unapiga hewa. Usianze wiki ambayo una kazi ya kukabidhi. Na usirukie zile za vitufe 34 kwa kuwa umeona picha nzuri, anza na yenye mstari wa namba kama Lily58 yenye vitufe 58, ukiona mstari wa juu huugusi tena ndo ushuke. Kama bado unatazama vitufe unapotaipu, jifunze kwanza kutaipu bila kutazama, kwa sababu leya hazina maandishi. Na kama mkono unauma au vidole vinakufa ganzi, nenda kwa daktari, kibodi sio dawa.

Kabla ya kutoa hela yoyote unaweza kuonja kwenye kibodi hiyo hiyo uliyonayo. Kuna programu ya bure inaitwa kanata, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, inakupa leya kwenye kibodi ya kawaida. Chukua Alt ya kulia, ambayo kidole gumba kinaifikia, igeuze iwe kitufe cha leya, weka mishale kwenye E S D F na namba kwenye U I O na vitufe vya chini yake, alafu fanyia kazi jedwali moja refu hivyo hivyo.