Nimepiga magoti kwenye zulia la mama, Tabata

Nipo Bongo wiki ya pili sasa, likizo kutoka Uingereza, kwa bi mkubwa hapa Tabata, na kitu cha kwanza kukiona nilipoingia sebuleni baada ya miaka 4 sio tivii mpya wala mapazia, ni zulia. Yale ya manyoya ya Kariakoo mnayajua, rangi ya chai ya maziwa, nilituma hela likanunuliwa nikiwa ndo kwanza nimeondoka. Sasa hivi limelala. Yani kuanzia mlangoni, kupita mbele ya sofa mpaka kwenye friji kuna njia imejichora kama njia ya ng'ombe, manyoya yameshikana vidonge vidonge, ukipita peku unahisi unakanyaga jamvi lililomwagikiwa uji.

Mama akasema hilo kapeti limechoka mwanangu, tununue jingine. Nikamwambia subiri kwanza mama, halijachoka, limelala tu, kulala na kuchakaa ni vitu viwili tofauti. Akaniangalia kwa lile jicho lake. "We mambo ya makapeti umeyajulia wapi?"

Hapo ndo nikajua nimeteleza, maana miaka yote hii kwa mama mimi niko "ofisini". Na sio uongo sana, ofisini naingia kweli, ila naingia saa 11 jioni wenye ofisi wakiwa wanatoka, na mashine inayopiga maji ya moto kwenye kapeti halafu inayanyonya hapo hapo na uchafu wake. Basi nikamjibu nimesoma mtandaoni, yakaisha. Nilidhani yameisha.

Kwa ambao hamjafika, Uingereza nyumba kibao zimetandikwa kapeti ukuta kwa ukuta, limebanwa chini, sio hili letu la kukunja na kukunjua. Vyumbani, kwenye korido, kwenye ngazi, kuna nyumba ya bibi mmoja pale Leicester nilienda kuosha nikakuta mpaka chooni kuna kapeti, nikasema jamani hawa maji yakimwagika inakuwaje. Na wengi wanaingia na viatu. Kwa hiyo ngazi ndo zinakufa mwanzo, pale ukingoni mwa kidato mguu unapotua. Aliyenifundisha kazi ni mtu mzima mmoja wa Poland, Kiingereza chake na changu vilikuwa vinalingana kwa ubovu, lakini alinielewesha kwamba adui wa kapeti ni mchanga kuliko hata miguu. Mchanga unazama mpaka kwenye mashina ya manyoya, kila ukikanyaga unasaga nyuzi kama msasa, halafu mafuta ya nyayo na mabaki ya sabuni yanakuwa gundi, nyuzi zinafumuka ule msokoto wake zinashikana. Ndo kulala kwenyewe. Hiyo inarekebishika kiasi. Ila pale ambapo nyuzi zimeshakatika, hata ulete mashine ya milioni ngapi, manyoya hayaoti tena.

Hiyo elimu ilishaniokolea hela yangu mwenyewe. Nilipohama nyumba ya kupanga kule, mwenye nyumba akataka akate dipoziti, ile hela ya dhamana unayoweka unapoingia, eti kapeti la ngazi limelala. Sasa England, kama umepanga kwa mkataba wa kawaida na huishi nyumba moja na mwenye nyumba, tangu Aprili 2007 dipoziti yako lazima iandikishwe kwenye mfumo unaoilinda, mkigombana kuna mtu wa kati anaamua na hulipi kitu. Na kuna kitu uchakavu wa kawaida, mpangaji halipishwi kapeti kwa sababu tu alitembea juu yake, ulitaka apae? Tena tangu sheria ya 2019 hawaruhusiwi kukulazimisha ulipie kampuni ya usafi unapotoka, wewe acha pasafi kama ulivyopakuta. Nikatuma picha za siku niliyoingia na siku niliyotoka, hela ikarudi yote. Wabongo wengi kule wanaziacha kwa kudhani ndo utaratibu, inaniumaga sana hii.

Haya turudi Tabata. Nilianza kwa kuchomoa uzi mmoja pembeni nikauchoma na kiberiti. Ukinuka kama nywele zilizoungua ukabaki majivu, hiyo ni sufu, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni plastiki. La mama likayeyuka, na nikiliangalia hivi naona ni polipropilini, plastiki ile ile wanayofumia viroba vya mchele. Kwa nini nilihangaika na kiberiti, kwa sababu mdogo wangu wa kike alishatoa pasi anataka alinyooshe zulia kama shati. Hiyo plastiki inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi na pasi ukiiweka moto wa nguo za pamba inazidi hapo, angeinua pasi na manyoya yameng'ang'ania.

Vumbi kwanza, kabla hata ya tone la maji. Ukilowesha mchanga umetengeneza tope ndani ya zulia basi. Mashine ya kunyonya vumbi hatuna, na kusema kweli hatukuihitaji, tukalitundika ukutani nje, uso chini mgongo juu, nikaanza kuupiga mgongo na mpini wa fagio. Wallahi kilichotoka humo mngeweza kuchanganyia saruji, barabara yetu ya mtaa haina lami na hili zulia limekula kiangazi cha miaka yote. Mama Shufaa jirani anapita, namwambia shikamoo mama, "Marahaba baba. Ulaya wamekufukuza nini?"

Mama akaniletea magadi. Nikamwambia hapana mama, magadi makali yanaweza kuharibu rangi, labda bekingi soda. Mtoto katumwa dukani kwa Mangi mara mbili anarudi na bekingi pauda, ambayo nayo ni kitu kingine. Mwisho ikapatikana, nikainyunyiza kavu ikakaa usiku kucha asubuhi nikaikung'uta. Nisiwadanganye, soda inaondoa harufu mbaya tu, manyoya haiyasimamishi, hizo video mnazotumiana za unga mweupe na zulia linaamka lenyewe achaneni nazo.

Kilichoniua mimi ni sabuni. Mwaka jana walilipeleka sehemu wanapoosha magari, wale vijana wakalipiga sabuni ya unga ya kutosha harusi, likarudi linanukia vizuri siku tatu halafu likakakamaa kama dagaa. Sasa mimi nimelimwagia maji matupu, sijatia hata punje ya sabuni, likaanza kutoa povu lenyewe! Sabuni ya mwaka mzima ilikuwa humo ndani, na sabuni iliyobaki ndo inayokamata uchafu mpya. Nikasuuza, nikasuuza, ndoo hazihesabiki, nashukuru maji ya bomba siku hiyo yalikuwa yanatoka, halafu ndoo ya mwisho ya lita 20 nikatia kikombe kimoja cha siki nyeupe, inasaidia kuvunja ule utelezi wa sabuni. Zulia la sufu usilifanyie fujo zote hizi kabla hujauliza wanaojua, hilo linataka upole na maji ya baridi.

Likiwa bado na unyevu ndo unalichana. Kule tuna reki maalum ya kapeti, hapa nikachukua chanuo la mti la mdogo wangu (hajanisamehe mpaka leo) na brashi ya nguo, nikapiga magoti, nachana kinyume na lilipolalia, kipande kwa kipande, vile vidonge nafungua taratibu kutoka juu kwenda chini kama unachana nywele za mtoto, ukivuta kwa nguvu unang'oa. Palipokuwa na miguu ya sofa pamebonyea nikajaribu barafu, ile ya kuacha iyeyuke halafu unainua na kijiko. Kwenye sufu na nailoni huwa inaleta, hii plastiki yetu hainywi maji hivyo ikawa nusu nusu. Nikamalizia na pasi ya mvuke nimeishika hewani kabisa bila kugusa, mkono mmoja mvuke mwingine brashi.

Sasa mama amekaa kibarazani anachambua mchele, muda mrefu hasemi kitu, ananiangalia tu ninavyosogea na magoti bila hata kufikiria. Mara kaita.

"Mwanangu."

"Naam mama."

"Huko ofisini kwenu, makapeti yako mangapi?"

Nikacheka, nikanyamaza, nikaona hamna namna. "Mengi mama. Ndo kazi yangu."

"Najua," akarudi kwenye mchele wake. "Mtu wa ofisi gani kila mtu akija huko anaagiza mafuta ya karafuu ya kuchulia magoti."

Basi. Miaka yote nimetunga vikao na mabosi na kompyuta, kumbe chupa za karafuu zilikuwa zinanisemea.

Kukausha nako ni kazi, hewa ya Dar nzito, zulia likilala na maji kwenye vigae kesho kutwa una fangasi na harufu ya kitambaa cha kudekia. Ukutani tangu asubuhi, jua la saa 6 nikaligeuza mgongo maana jua linapausha, usiku nikaliegesha juu ya viti feni inalipiga kutoka chini, umeme wa LUKU ukaliwa mama akaguna. Siku ya pili likawa kavu kabisa mpaka kwenye mashina.

Limesimama? Kwa sehemu kubwa ndio, unalizamisha mguu unapotea kidogo. Ila pale mbele ya friji bado pana kijinjia, pamekatika pale, nikamwonyesha mama akapapasa kwa mkono akakubali. Nikasema dawa yake ni kulizungusha, upande wa friji uende chini ya sofa, na miezi michache mbele mlizungushe tena ili miguu isipite pale pale. Mdogo wangu kama hajasikia, kashika sofa anairudisha ilipokuwaga.

"We weka chini hiyo," mama akamwambia. "Zungusheni kapeti kama mlivyoambiwa na bwana ofisi."