Stesheni yenye jina la cherehani ya bibi

Nilikuwa kwenye treni ya kutoka Glasgow, huku Uskoti, kwenda Dalmuir, nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Sauti ikatangaza kituo kinachofuata: Singer. Usingizi wote ukaniruka.

Kwetu Tanga, Singer si mahali. Singer ni cherehani nyeusi ya bibi mzaa mama, maandishi yake ya dhahabu yamefifia pale alipozoea kuegemeza mkono. Ilikaa barazani Ngamiani tangu mama hajazaliwa. Bibi alipinda nayo kanga za mtaa mzima, akashona sare za shule, na msimu wa Idi mlio wake ulikuwa haukatiki mpaka usiku wa manane. Ubavuni ina namba inayoanza na EH. Utotoni nilikuwa nikiipapasa namba ile kwa kidole bila kujua inasema nini.

Siku yangu ya mapumziko nikarudi, nikashuka. Majukwaa mawili, reli mbili, kibao chenye jina. Nimesimama pale karibu saa nzima.

Mji huo ni Clydebank, kando ya mto Clyde. Kampuni ya Singer ilitoka Marekani, ikajenga kiwanda hapo mtaa wa Kilbowie, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1880. Stesheni ya mwanzo iliitwa Kilbowie Road. Kiwanda kikazidi kutanuka hadi reli yenyewe ikawa njiani, basi wakaihamisha ikazunguka kiwanda, na Novemba 1907 ikafunguliwa stesheni mpya kwa jina la Singer. Hebu fikiria ukubwa wa kiwanda kinachoweza kuisogeza reli! Hata hivyo haikutosha. Wafanyakazi walijengewa majukwaa mengine ya pembeni, ya kwao peke yao, kwa treni zilizowaleta asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwaka 1913 zilitoka hapo cherehani zaidi ya milioni moja.

Juu ya kiwanda palikuwa na mnara wa kama mita 60 wenye saa ya nyuso nne, kila uso upana wake karibu mita 8. Anayeteremka kwenye treni aliona amechelewa kabla hajafika getini.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari ya mwaka 1911. Wanawake waliokuwa waking'arisha mbao za makabati ya cherehani walikuwa 15. Wakubwa wakawaondoa watatu, kazi ikabaki ileile, wakaachiwa 12. Tarehe 21 Machi wale 12 wakaweka vitambaa chini wakatoka nje. Baada ya siku chache karibu kiwanda kizima, watu kama 11,000, walikuwa nje pamoja nao. Mgomo ulidumu hadi Aprili, wakarudi kazini bila kupata walichokidai, na baadaye mamia wakafukuzwa. Nafanya kazi wodini, najua kazi ya watu 15 ikibebwa na 12 inavyouma mgongo. Nimewafikiria sana wale wanawake. Bibi yangu aliichakaza mbao ya kabati kama zile kwa kiwiko chake, wala hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu aliing'arisha.

Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliupiga mji kwa mabomu usiku mbili mfululizo, na uwanja wa kiwanda wa kuhifadhia mbao ukateketea. Kiwanda kikainuka tena. Mnara wa saa ulibomolewa mwaka 1963, na mwaka 1980 kazi ikafungwa kabisa. Majengo yamekwenda. Mahali pake leo pana ofisi, maghala na magari yaliyoegeshwa. Jina limebaki stesheni, na treni bado inasimama.

Nilipofika nyumbani nikatafuta maana ya ile EH. Herufi ya E ni alama ya Clydebank. Cherehani ya bibi ilitoka pale pale niliposimama.

Nikamtumia mama mdogo picha ya kibao, maana yeye ndiye aliyerithi cherehani. Akanijibu kwa sauti, na nyuma ya sauti yake nikausikia mlio wenyewe, taka-taka-taka, anapinda kanga ya mtu. Akasema: “Mwanangu, kama huko ndiko inakotoka, nitafutie mkanda. Huu wa ngozi nimeuunga mara tatu, unateleza.”

Nikamweleza kwamba kiwanda hakipo tena. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na wale watu?”

Mkanda nimeupata dukani Glasgow, na sindano paketi mbili. Vitaondoka mwezi ujao na dada mmoja anayekwenda Tanga.